Nani Anakula Mashine?

Watu wakikuta seva imekuwa nzito hawaulizi kuna tatizo gani. Wanauliza ni nani. "Kaka, nani anakula mashine?" Kwa miaka mingi nilisimamia seva ya pamoja katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, na swali hilo lilinifikia kwa simu, kwa ujumbe, na kwa kusimamishwa koridoni nikienda kula. Seva yenyewe haikuwa kubwa kwa viwango vya dunia: kori 32, memori ya gigabaiti 128, na diski ambazo kila tulipoziongeza tuliamini sasa zinatosha. Walioitumia walikuwa watafiti wa hali ya hewa na modeli zao za mvua, wanabiolojia wenye jenomu za vimelea vya malaria, wachumi wenye takwimu za kaya, na wanaisimu waliokusanya maandishi ya magazeti. Kila mmoja aliona kazi yake ndiyo ya haraka, na karibu kila mmoja alikuwa na haki ya kuona hivyo.

Kompyuta inalijibu swali la "nani" upesi mno. Andika top, majina yanajipanga yenyewe, anayetumia prosesa kuliko wenzake yuko juu. Dhuluma nyingi nilizoziona katika kazi hii zilianzia hapo. Kila kipimo cha seva kinajibu swali moja tu, na mara nyingi si lile ulilouliza. Kabla hujataja jina la mtu, lazima ujue kipimo chako kinahesabu nini hasa.

Namba inayoleta ugomvi kuliko zote ni wastani wa mzigo, ambao mfumo huuonyesha kwa vipindi vitatu: dakika 1, dakika 5 na dakika 15. Wengi huusoma kama asilimia ya prosesa, na siyo. Kwenye Linux namba ile inahesabu michakato inayotumia prosesa, inayosubiri zamu ya prosesa, na pia ile iliyokwama ikisubiri diski. Kwa hiyo mashine yenye kori 32 inaweza kuonyesha mzigo wa 60 huku kori zake nyingi hazina kazi.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi moja ya msimu wa tasnifu. Mzigo ulikuwa umepita 60, kuandika amri moja unangoja mpaka unasahau ulitaka nini, na kwenye top jina la juu kabisa lilikuwa la mwanafunzi wa uzamivu wa biolojia aliyekuwa akitumia kori nane. Wenzake walishamhukumu. Nilipoangalia nikaona nusu ya kori zimekaa bure na foleni yote iko kwenye diski. Zile kori nane alizipata kihalali, na hata ningemzimia kazi yake, hakuna ambaye angepata nafuu.

Aliyesababisha msongamano hakuonekana kwenye top hata kidogo. Programu ile kwa kawaida hutazama mfumo kila baada ya sekunde 3. Mchakato unaozaliwa na kufa katikati ya mitazamo miwili haupo machoni pake. Kwa kazi kama hiyo kuna kumbukumbu ya michakato, utaratibu wa zamani uliokuja na Unix: kila mchakato unapomalizika, kiini cha mfumo kinaandika mstari mmoja wenye jina la amri, mwenyewe, saa ulipoanza na muda wa prosesa uliotumia. Amri ya lastcomm inakusomea mistari hiyo, na sa inakujumlishia. Udhaifu wake ni kinyume cha ule wa top. Kwa kuwa inaandika mchakato ukishakufa, modeli iliyokimbia wiki tatu bila kumaliza haimo. Ndiyo maana nilikuwa naendesha vyote viwili.

Kumbukumbu ile ilionyesha mtumiaji mmoja ambaye usiku ule alikuwa ameanzisha michakato kwa mamia ya maelfu, mingi ikiwa grep na cut, amri ndogo za kutafuta na kukata maandishi, kila mmoja ukiishi sehemu ndogo tu ya sekunde. Alikuwa dada mmoja wa shahada ya uzamili, mkimya, akichambua rekodi za mvua za vituo mbalimbali. Nilimfuata maabara.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Ile kazi yako ya mvua inaendeleaje?"

"Inakwenda, ila polepole mno. Nilidhani seva ndiyo mbovu."

Akanifungulia skripti yake. Ilisoma faili la rekodi mstari mmoja mmoja, na kwa kila mstari iliita grep, ikaita cut, ikafungua faili dogo la kituo husika, ikaandika namba moja, ikafunga. Kisha mstari unaofuata. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, ila mashine ilikuwa ikitumia muda wote kufungua na kufunga. Tukakaa, tukaiandika upya kwa lugha ya awk ili faili lisomwe mara moja na kila kituo kijumlishiwe ndani ya memori. Kazi iliyokuwa ikimaliza usiku kucha ikaisha tukiwa bado tumekaa pale pale. Akanitazama akaniuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Aliyekuwa "anakula mashine" ndiye aliyeumia kuliko wote, na ningekwenda kwake na karipio badala ya swali, angezima kazi yake na kunyamaza, nasi tusingejua lolote.

Memori nayo ina mtego wake, na aliyenisaidia kuuona vizuri ni mhadhiri wa uchumi, mtu asiyekubali jumla asiyoifanya mwenyewe. Alikuja ofisini na karatasi mkononi.

"Kijana, nimejumlisha safu yote ya memori. Imefika gigabaiti 190, na mashine mnasema ina 128. Hizi namba mnazipika?"

"Hapana, Dokta. Namba ni za kweli, ila si za kujumlishwa."

Nikamweleza. Mchakato ukizaa watoto, kama programu ya takwimu ya R inavyofanya ikigawa kazi kwenye kori kadhaa, wazazi na watoto wanatumia kurasa zile zile za memori mpaka mmoja wao azibadilishe. Safu ya kawaida, inayoitwa RSS, inamwandikia kila mmoja kurasa hizo kwa ukamilifu. Baba na watoto saba wakishirikiana gigabaiti 10, safu inaonyesha 80. Kuna kipimo kingine, PSS, ambacho hugawa kila ukurasa kwa idadi ya wanaoushiriki, na hicho ndicho kinachoweza kujumlishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: wanafunzi wake walikuwa wameandikwa walafi kwa miezi katika ripoti ya matumizi ya seva tuliyoirithi, kwa sababu tu walikuwa wamejifunza kugawa kazi vizuri. Alitaka ripoti ibadilishwe. Alikuwa na haki, na ilibadilishwa wiki ile ile. PSS ni nzito zaidi kuikokotoa, inabidi mfumo upitie kurasa za kila mchakato, lakini ripoti inayoathiri heshima ya mtu inastahili gharama hiyo.

Kwenye diski, kupima mtu mmoja mmoja kulituficha jambo lingine. Diski ya pamoja ilikuwa imejaa, na orodha ya du, amri inayopima ukubwa wa folda, haikuwa na mtu wa kunyooshewa kidole. Kikundi kizima cha biolojia kilikuwa juu kidogo ya wengine, basi. Nilipolinganisha ukubwa na majina ya mafaili yenyewe nikagundua kwamba kila mmoja wao ameweka nakala yake ya data zile zile za rejea. Sababu yao ilieleweka. Intaneti ilikuwa nzito, upakuaji ulikatika kila umeme ulipokatika, na mtu aliyefanikiwa kulipata faili zima hakuwa tayari kulitegemea kwenye folda ya mwenzake. Tukaweka nakala moja mahali pa wote, ya kusomwa tu, isiyoweza kufutwa na mtu yeyote isipokuwa msimamizi, na nikawaandikia ahadi kwamba haitaondolewa bila taarifa. Nadhani ahadi ile ndiyo iliyofanya kazi. Wiki chache baadaye nakala za binafsi zilikuwa zimefutwa na wenyewe, bila kulazimishwa.

Sipingi vikomo. Vikomo vya diski tunavyovitumia kwenye Unix viliandikwa na Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, vikaingia katika toleo la 4.2 la BSD mwaka 1983, na mpangilio wake una busara hadi leo. Kuna kikomo laini na kikomo kigumu. Ukivuka kile laini unaonywa na unapewa muda wa kujirekebisha, kwa kawaida siku 7. Kile kigumu hakivukiki. Wasimamizi wengi wavivu huweka kigumu peke yake, na matokeo yake ni mtu anahifadhi sura ya tasnifu usiku wa manane na faili linaandikwa nusu. Mimi niliweka pengo kubwa kati ya viwili hivyo, na onyo nikaliandika kwa Kiswahili cha kawaida, likitaja folda tatu kubwa za mhusika ili aanze kazi ya kusafisha bila kutafuta.

Kikomo kisichoelezwa humfundisha mtu kukwepa. Historia ya kompyuta za pamoja imelionyesha hili tangu mwanzo. Mfumo wa CTSS, ambao Fernando Corbató na wenzake waliuonyesha MIT mwaka 1961, ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na kila mtu alipewa saa zake. Mwanafunzi wa uzamivu Allan Scherr alipewa saa 4 kwa wiki, wakati utafiti wake ulihusu mwenendo wa mifumo hiyo hiyo na ulihitaji muda mrefu zaidi. Mwaka 1962 akaomba, kwa kadi ya matundu, faili la nywila lichapishwe. Likachapishwa. Akaendelea na kazi kwa kutumia akaunti za wengine. Mtu aliyekuwa akijenga elimu ya kupima mifumo ya pamoja alilazimika kuharibu vipimo vya mfumo wake, maana saa alizotumia ziliandikwa kwa majina ya watu wengine.

Kwetu lilitokea kwa sura ndogo. Uongozi wa maabara ulipoamuru kila akaunti isizidi kori nne, haukupita muda nikaanza kuona akaunti za watu wa likizo zikifanya kazi saa nane za usiku. Nywila zilikuwa zikipitishwa kwa WhatsApp. Kabla ya amri ile nilikuwa najua nani anafanya nini. Baada yake sikujua. Nilikwenda na orodha ya muda wa kuingia kwa mratibu wa maabara nikamwonyesha kwamba amri imetunyima hata kile kidogo tulichokuwa tunakijua, na kwamba usiku, mashine ikiwa tupu, kikomo cha kori nne hakimsaidii mtu yeyote.

Badala yake tuliweka uzito. Kiini cha Linux kina mfumo wa vikundi vya michakato uitwao cgroups, ulioanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingizwa rasmi katika toleo la 2.6.24 mwanzoni mwa 2008. Ukitumia vikundi hivyo, kila mtumiaji anapewa uzito wa prosesa, na uzito unaanza kufanya kazi pale tu watu wanapogombania. Mashine ikiwa tupu, mmoja anaweza kutumia kori zote 32. Akija wa pili, wanagawana. Kwa memori, ambayo haigawiki hivyo, kila mtu aliwekewa ukomo wake, ili kazi ya mmoja ikizidi ife yake peke yake na isiwaangushe wengine. Kwa kazi ndefu tuliweka foleni inayokumbuka matumizi ya nyuma na kuyasahau taratibu. Wazo hilo lilielezwa vizuri na Judy Kay na Piers Lauder wa Chuo Kikuu cha Sydney katika makala yao ya mwaka 1988: aliyetumia sana karibuni anasubiri kidogo, na kadiri siku zinavyopita deni lake linapungua lenyewe. Kwenye Slurm, programu ya kupanga foleni za kazi, deni hilo kwa kawaida hupungua nusu kila siku 7. Kugawana nywila kulikwisha. Hakukuwa tena na sababu ya kufanya hivyo.

Sehemu ya ripoti niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya chini, ya watu waliotumia kidogo. Wasimamizi wengi hukata orodha kwenye kumi bora. Mimi niliiacha nzima kwa sababu ya kisa cha Clifford Stoll. Mwaka 1986 Stoll, mwanaastronomia aliyehamishiwa kitengo cha kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley kule California, alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi zinapishana kwa senti 75. Mtu alikuwa ametumia sekunde chache za kompyuta bila akaunti inayolipa. Stoll hakuipuuza tofauti ile. Aliifuata kwa miezi mpaka Hannover, katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, kwa Markus Hess, aliyekuwa akipenya kompyuta za kijeshi za Marekani na kuiuzia KGB alichokipata. Kitabu chake, The Cuckoo's Egg, kilitoka mwaka 1989, na bado ninawapa vijana wanaoanza kazi hii wakisome.

Senti 75 zetu zilikuwa akaunti ya mhitimu aliyeondoka chuoni zamani. Saa zake za prosesa hazikuwa nyingi, zilikuwa katikati ya orodha, mahali ambapo hakuna anayetazama. Michakato yake ilijiita kworker ndani ya mabano ya mraba, kama inavyoonekana michakato ya kiini chenyewe. Lakini michakato ya kiini ni mali ya root, akaunti kuu ya mfumo, na hii ilikuwa ya mhitimu yule. Ilikuwa programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, ikitumia kori chache na usiku tu ili isisikike. Mtu wa nje alikuwa amebahatisha nywila dhaifu. Ningekuwa napima kwa jicho la "nani anasumbua", ingekuwepo mpaka leo, maana haikumsumbua mtu. Tulifunga akaunti zote za waliohitimu wiki hiyo, na kuingia kwa nywila kutoka nje ya chuo kukasitishwa.

Kisa kile kiliwafanya baadhi ya viongozi watake kuona kila kitu. Hapo nilisimama kwa nguvu zangu zote. Kumbukumbu ya michakato inaandika jina la amri tu, haiandiki maneno yanayoifuata, na mpaka huo unafaa. Amri ya ps, kinyume chake, humwonyesha mtumiaji yeyote amri nzima ya mwenzake, na nimeona humo nywila za hifadhidata, majina ya mafaili ya wagonjwa, na barua ambazo hazikuwa zangu. Niliwasha chaguo la hidepid ili kila mtu aone michakato yake tu. Msimamizi anahitaji kujua kiasi. Yaliyomo si yake, hata kama mfumo unamruhusu kuyafungua.

Mratibu, mama mmoja mchapakazi ninayemheshimu, alipendekeza majina ya watumiaji wakubwa yabandikwe mlangoni kila Ijumaa. "Wataona aibu, watapunguza," alisema.

"Mama, mwenye namba kubwa huenda ndiye anayefanya kazi kuliko sisi sote."

Hakubali mtu haraka, yule mama. Tulibishana muda mrefu, na mwishowe tukakubaliana kwamba kila mtu akiingia kwenye seva aone matumizi yake mwenyewe ya wiki, pamoja na wastani wa kikundi chake, na mlangoni yawekwe ya vikundi tu. Wengi walijirekebisha wenyewe kwa kuyaona. Wengine walikuja kuniuliza kwa nini namba yao imepanda, na maswali hayo yalinipa kazi nzuri kuliko malalamiko yote ya miaka ya nyuma.

Sasa ugomvi umehamia kwenye kadi ya GPU, kwa kuwa ni moja na wanaojifunza modeli za lugha ni wengi. Mtu anafungua daftari la Jupyter, anapakia modeli yake, anajaza memori ya kadi, kisha anakwenda nyumbani Ijumaa. Mpaka Jumatatu kadi imeshikwa na haifanyi lolote. Ripoti za kawaida zinamwonyesha kama mtumiaji sifuri, kwa kuwa hakutumia hesabu yoyote. Hata asilimia ya matumizi inayoonyeshwa na nvidia-smi inasema tu ni sehemu gani ya muda kadi ilikuwa na kazi yoyote ile, kubwa au ndogo, kwa hiyo 100 haina maana kwamba kadi imetumika yote. Kwa hiyo ripoti yetu ya sasa ina safu mbili, muda ambao kadi ilifanya kazi kweli na muda ambao mtu aliishikilia, na mwenye daftari lililolala saa kadhaa anaandikiwa ujumbe kabla halijafungwa. Wiki ya kwanza tulipoweka safu ya pili, mpangilio wa majina ulipinduka karibu wote, na mwanafunzi aliyekuwa akilalamikiwa na kila mtu alikuwa chini kabisa kwenye safu ya kushikilia.